Barua ya sentensi tano iliyorejelewa mara 608

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likitazamwa upande mmoja tu. Kila ninapokuta mjadala kuhusu utafiti katika vyuo vikuu vyetu, hesabu inayotajwa ni makala za mhadhiri fulani zimerejelewa mara ngapi na wasomi wenzake, na kanzidata zinazokusanya marejeleo hayo huzungumzwa kana kwamba ni mizani ya sokoni, kazi yake kumpima mtu uzito na kumpa cheo au kumnyima. Nilifanya kazi ya ukutubi chuoni kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia kuwaonyesha wanafunzi wa uzamili na uzamivu namna ya kuzitumia kanzidata hizo kwa kazi iliyokusudiwa tangu mwanzo, yaani kufuatilia wazo limetoka wapi, limepita kwa nani, na limebadilika vipi njiani. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuitetea hapa, na nitaanza na mfano ambao, kwa sadfa tu, nao ni barua kwa mhariri.

Tarehe 10 Januari 1980 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapa barua fupi ya Jane Porter na Hershel Jick, waliokuwa katika mradi wa mjini Boston wa kufuatilia dawa wanazopewa wagonjwa hospitalini. Barua ilikuwa na sentensi tano. Waandishi walisema kwamba walipekua kumbukumbu za wagonjwa 39,946 waliolazwa, wakakuta 11,882 kati yao walipewa walau mara moja dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, na kwamba miongoni mwa wasiokuwa na historia ya uraibu ni wanne tu walioonekana, kwa ushahidi wa kuridhisha, kuwa wamepata uraibu. Wakahitimisha kwamba uraibu ni nadra kwa wagonjwa wa namna hiyo hospitalini. Hapakuwa na jedwali wala maelezo ya mbinu, na haikuelezwa wagonjwa walitumia dawa kwa siku ngapi, wala kama kuna aliyewafuatilia baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Sioni sababu ya kuwalaumu waandishi kwa hayo. Waliandika barua, hawakuandika makala, na walisema kile walichokikuta wodini.

Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Kanada liliitafuta barua hiyo katika kanzidata ya Web of Science na kutaka orodha ya kila andiko lililoirejelea tangu siku ilipochapwa. Yalikuja maandiko 608. Ili wajue kama idadi hiyo ni kubwa au ni ya kawaida, waliangalia barua nyingine zilizochapwa na jarida lilelile wakati uleule, wakakuta kwamba barua ya kawaida iliambulia marejeleo kama 11 tu. Kisha wakafanya kazi ambayo hakuna mashine iliyowafanyia: waliyasoma maandiko yale, moja baada ya jingine, ili waone kila mwandishi aliitaja barua kwa ajili gani. Maandiko 439, sawa na asilimia 72.2, yaliitumia kuwa ushahidi kwamba uraibu ni nadra kwa wanaotumia dawa hizo, na maandiko 491, sawa na asilimia 80.8, hayakumwambia msomaji kwamba wagonjwa waliohesabiwa walikuwa wamelazwa. Neno “waliolazwa” lilidondoka njiani, na lilipodondoka, habari ya mgonjwa anayepewa sindano chini ya macho ya muuguzi ikageuka kuwa habari ya mtu anayekabidhiwa kichupa cha vidonge akamezee nyumbani kwa miezi. Marejeleo yaliongezeka sana baada ya dawa ya maumivu ya jamii hiyohiyo iitwayo OxyContin kuingia sokoni katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2007 kampuni iliyohusika na kuiuza ilikiri mahakamani kwamba iliitangaza kwa njia ya kupotosha kuhusu hatari ya uraibu. Matokeo yao watafiti wale waliyachapa, kama ilivyostahili, katika safu ya barua ya jarida lilelile.

Sisemi kwamba sentensi tano ziliua mamia ya maelfu ya watu Amerika Kaskazini, kwani janga lile la uraibu wa dawa hizo lilikuwa na wazazi wengi, na baadhi yao walikuwa na fedha nyingi kuliko barua yoyote. Ninachosema ni kwamba kwa zaidi ya miaka 30 kila aliyetaka kujua ukweli wa madai yale angeweza kuupata kwa kazi ya saa moja, nayo ni kwenda kwenye jarida la Januari 1980, kufungua ukurasa, na kushangaa kwamba kile alichosikia kikiitwa utafiti mkubwa kinaishia kabla hajamaliza kikombe cha chai. Waliofanya hivyo walikuwa wachache. Wengi walichukua rejeleo kutoka kwa aliyewatangulia, ambaye naye alilichukua kwa mwingine. Leo anayeifungua barua hiyo katika tovuti ya jarida hukuta tahadhari ya wahariri kwamba imerejelewa kwa wingi na bila kuhojiwa. Tahadhari hiyo iliwekwa mwaka 2017, wakati mzigo ulikuwa umeshafika bandarini zamani.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atazame kanzidata ilifanya nini na haikufanya nini. Ilikusanya maandiko 608 kutoka pembe zote za dunia na kuyaweka mahali pamoja, jambo ambalo mkutubi akitumia macho yake asingelimaliza katika umri wake wote. Lakini haikusema hata mara moja kwa nini fulani alimtaja fulani. Aliyeitaja barua kwa kuisifu na aliyeitaja kwa kuionya dunia waliandikwa kwa wino mmoja, kila mmoja akawa namba moja katika 608. Anayehesabu tu angesema kwamba hii ni barua yenye heshima kubwa katika taaluma ya tiba.

Ni ajabu kidogo kwamba mambo yalifika hapo, kwa sababu wazo la kuwaweka pamoja wote waliolitaja andiko fulani halikutoka kwa wanasayansi bali kwa mawakili, na mawakili hawakuwa na mchezo huo. Mwaka 1873 Frank Shepard, katika jimbo la Illinois, alianza kuuza vibandiko vya karatasi yenye gundi ambavyo wakili alivibandika pambizoni mwa vitabu vyake vya hukumu, ili kila anapofungua hukumu ajue ni zipi za baadaye zilizoitaja. Huduma hiyo ilivyokua na kuwa vitabu kamili, kando ya kila hukumu iliyotaja nyingine kuliwekwa alama inayoonyesha kama imeifuata, imeitofautisha na kesi iliyopo au imeitengua. Wakili yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa anaelewa mara moja kwa nini alama hiyo ni muhimu kuliko idadi, kwani hukumu iliyotajwa mara 50 na kutenguliwa mara moja na mahakama ya juu haina tena nguvu, na anayesimama nayo mbele ya jaji anajitafutia aibu.

Habari za vitabu vya Shepard zilimfikia Eugene Garfield, mkemia aliyegeukia kazi ya kupanga maarifa, mwaka 1953 kupitia kwa William Adair, aliyekuwa amestaafu uongozi katika kampuni hiyo. Zilimfikia kwa barua. (Nakuomba, Ndugu Mhariri, usizidharau barua.) Mwaka 1955 Garfield alichapa katika jarida la Science pendekezo la kutengeneza faharasa ya namna hiyo kwa ajili ya sayansi, na miongoni mwa faida alizozitaja ni kwamba msomi mwangalifu angeweza kuujua ukosoaji uliotolewa dhidi ya makala za zamani, na kwa hiyo ingepungua tabia ya kurejelea bila kuhoji data za ulaghai, data pungufu na data zilizopitwa na wakati. Faharasa yenyewe, Science Citation Index, ilianza kutolewa mwaka 1964 na taasisi yake iliyokuwa Philadelphia, ikiwa vitabu vizito vya herufi ndogo ambazo zilitaka miwani hata kwa vijana. Ndiyo mama wa Web of Science ya leo. Mwaka 2004 zikaja kanzidata nyingine za marejeleo, Scopus na Google Scholar, na hata wale walioanzisha Google walikiri kwamba njia yao ya kupanga kurasa za intaneti iliazima mantiki ya marejeleo ya kitaaluma.

Kuhesabu kukawa rahisi, na kila kilicho rahisi hupata wateja. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza namba moja ya kumpima mtafiti kwa makala zake na marejeleo yake, na baada ya muda mfupi namba hiyo ikaonekana katika wasifu wa wahadhiri karibu na anwani zao. Sina haja ya kukaa hapo. Kilichoachwa nyuma katika safari ya kutoka kwa mawakili kuja kwa wasomi ni ile alama ndogo ya pambizoni, ya kufuata, kutofautisha au kutengua. Zipo juhudi za siku hizi za kuirudisha kwa msaada wa kompyuta, lakini katika kanzidata ambazo wanafunzi wetu wengi wanazifikia, alama hiyo bado ni kazi ya msomaji mwenyewe.

Sisi tuliolelewa pwani hatupaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Wanavyuoni wa hadithi za Mtume walijua tangu karne nyingi kwamba maneno hayapokelewi hivihivi, bali huulizwa isnadi yake: nani amepokea kutoka kwa nani, walikutana au hawakukutana, na kila mmoja alikuwa mtu wa namna gani. Silsila ikikatika sehemu moja, habari hudhoofika, hata kama waliokuja baadaye kuisimulia ni maelfu. Kanzidata ya marejeleo inatupa silsila bure, au karibu na bure. Ule uchunguzi wa mpokezi haiutoi, na mwanafunzi anayedhani kwamba ameshapewa vyote viwili ameokota ganda akidhani ni muwa.

Kwa wale ambao hawajawahi kuitumia, nieleze kwa kifupi jinsi nilivyokuwa nikiwafundisha. Mwanafunzi huanza na makala moja tu anayoiamini na aliyoisoma yote. Orodha ya marejeleo iliyo mwishoni mwake humrudisha nyuma, na njia hiyo inajulikana na kila mtu tangu enzi za vitabu. Mgeni kwake ni mwendo wa mbele: chini ya jina la makala ile katika kanzidata kuna kiungo kinachoonyesha waliokuja kuirejelea baadaye, na hapo ndipo anapogundua kwamba kile alichotaka kukiandika mwaka huu kimekwisha kupingwa miaka sita iliyopita. Kuna pia mwendo wa ubavuni, ambao wanafunzi waliufurahia kuliko yote. Mwaka 1963 M. M. Kessler wa chuo cha MIT alionyesha kwamba makala mbili zinazorejelea vyanzo vilevile huwa ni ndugu hata kama hazitajani, na mwaka 1973 Henry Small huko Marekani na Irina Marshakova huko Urusi, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha upande wa pili, kwamba makala mbili zinazotajwa pamoja mara kwa mara na watu wa baadaye zina undugu ambao waandishi wake huenda hawakuujua. Undugu wa kwanza haubadiliki, kwa kuwa orodha ya marejeleo ikishachapwa imechapwa. Undugu wa pili hukua na kufifia kadiri wasomi wanavyobadilisha mawazo, na anayeuchora mwaka hadi mwaka huona taaluma ikizaliwa mbele ya macho yake.

Baada ya hapo nilikuwa na sharti moja ambalo halikupendwa. Kwa kila mshale katika mchoro aliouchora wa nani amemrejelea nani, mwanafunzi afungue andiko, atafute sentensi yenyewe iliyobeba rejeleo, na aandike kando kwa neno moja kama mwandishi anakubali, anapinga, anatumia mbinu tu, au anataja kwa adabu. Wengi walilalamika kwamba mishale ni mingi. Niliwajibu kwamba wapunguze mishale, wasipunguze kusoma.

Kwa nini nilikuwa mgumu hivyo? Kila aliyepitia tasnifu za vyuo vyetu anayafahamu maneno “kama alivyonukuliwa na”. Ni maneno ya uaminifu, maana mwandishi anakiri kwamba hakukiona chanzo, lakini yakirudiwa katika kila ukurasa huwa ni dalili ya maradhi. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea rasimu yenye fasili ya istilahi ya fasihi simulizi ambayo aliichukua kutoka katika tasnifu fulani, nayo ilisema imenukuu tasnifu nyingine. Tuliifuatilia kwa mikono, kwa kuwa hakuna kanzidata iliyokuwa na tasnifu hizo, tukapanda kutoka rafu hadi rafu kwa siku tatu. Tulipitia maandiko matano. Tulipofika kwenye kitabu cha awali tulikuta kwamba mwandishi wake aliieleza fasili ile kama maoni ya watu wengine, na katika aya iliyofuata akaikataa. Katika maandiko yote matano fasili hiyo ilibeba jina lake. Yule binti alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza kama aifute sura nzima. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo sura bora aliyonayo na aiandike upya akieleza safari tuliyofanya.

Hayo hayawapati wanafunzi peke yao. Mwaka 2009 Steven Greenberg alichapa katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, uchunguzi wa dai moja kuhusu protini fulani katika ugonjwa wa misuli, akichora mtandao wa makala 242 na marejeleo 675 yaliyounga makala hizo. Alionyesha kwamba marejeleo yalimiminika kuelekea makala chache zilizoliunga mkono dai, ilhali zile zenye data za kulidhoofisha zilipitwa kana kwamba hazipo, na kwamba dhana iligeuka kuwa ukweli kwa kurejelewa tu, pasipo jaribio jipya. Bila kanzidata asingeweza kuuchora mtandao huo, na bila kuzisoma makala asingejua mchoro unasema nini.

Upo pia upande wa heri, na nisipoutaja nitakuwa nimeikosea haki zana yenyewe. Ramani ya marejeleo huonyesha barabara, na kwa kuzionyesha hufichua mahali ambapo barabara haipo ingawa ilipaswa kuwapo. Mwaka 1986 Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago aligundua kwamba kulikuwa na kundi la makala zinazosema kwamba mafuta ya samaki hupunguza unato wa damu, na kundi jingine zinazosema kwamba wenye ugonjwa wa Raynaud, ambao vidole vyao hupauka na kufa ganzi kwa baridi, wana damu yenye unato mkubwa. Makundi hayo mawili hayakuwa yakirejeleana. Swanson, ambaye hakuwa daktari, aliziweka makala pamoja na kupendekeza kwamba mafuta ya samaki yangeweza kuwasaidia wagonjwa hao, na majaribio yaliyochapwa miaka michache baadaye yaliunga mkono dhana hiyo kwa sehemu ya wagonjwa. Maarifa yalikuwa wazi mbele ya kila mtu, ila yamekaa vyumba viwili vya nyumba moja na mlango wa katikati haujawahi kufunguliwa.

Nikiutazama uwanja wa Kiswahili, naona vyumba vya namna hiyo. Kuna wasomi wanaoandika kuhusu ushairi, isimu na historia ya lugha yetu kwa Kiswahili, katika majarida kama Kiswahili na Kioo cha Lugha yanayotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuna wanaoandika kuhusu mambo hayohayo kwa Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa. Wapo wanaosomana, na jarida la Swahili Forum la Ujerumani, linalopokea makala za Kiswahili pia, limefanya kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, kwa miaka niliyokaa mezani nikipokea maombi ya makala, niliona mara nyingi kwamba anayetafuta kwa lugha moja huondoka bila kujua kilichoandikwa kwa nyingine, kwa sababu kanzidata aliyoitumia ilikuwa na chumba kimoja tu. Mwanafunzi akiandika jina la makala ya Kiswahili ya miaka ya 1970 na kujibiwa sifuri, huamini kwamba haikusomwa na yeyote. Ilisomwa. Iliyosomwa na kujibiwa kwa Kiswahili, katika jarida la karatasi, haikuingia katika hesabu ya mtu.

Sababu moja ni kwamba sehemu kubwa ya yale tuliyoyachapa kwa miongo mingi bado ipo kwenye karatasi tu, na urithi huo ni mrefu, kwani jarida lile liitwalo Kiswahili linatokana na taarifa za ile Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Sababu nyingine ni ndogo na inaudhi, nayo ni majina. Shaaban Robert katika orodha moja huandikwa “Robert, S.”, katika nyingine “Shaaban, R.”, na katika ya tatu “Shaaban Robert” bila kugeuzwa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sahihi. Mashine haijui kwamba huyo ni mtu mmoja aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, hivyo humgawanya kuwa waandishi watatu masikini badala ya mmoja tajiri. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili nayo huandikwa TUKI, au kwa jina lake refu, au kwa jina la Kiingereza, na tangu iwe Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) mwaka 2009 imeongezewa majina mengine. Kamusi ileile hurejelewa kwa majina manne, na anayeifuatilia hukuta vijito vinne ambapo kuna mto mmoja.

Kwa kuwa umaskini mara nyingi hutajwa kuwa kisingizio, niseme kwamba zamani kisingizio hicho kilikuwa na nguvu kuliko sasa. Kulipia Web of Science au Scopus ni mzigo kwa vyuo vyetu, na kanzidata hizo huchagua zenyewe majarida ya kuingiza. Lakini hali imebadilika. Shirika la Crossref, lililoanzishwa na wachapishaji mwaka 2000, hupokea kutoka kwa majarida wanachama orodha za marejeleo ya kila makala pamoja na kitambulisho chake cha kudumu. Kabla ya kampeni ya marejeleo huria iliyotangazwa mwaka 2017, ni kama asilimia 1 tu ya makala zilizowasilishiwa marejeleo huko ambazo marejeleo yake yalikuwa wazi kwa umma. Kampeni ilipotangazwa kiwango hicho kilishapanda kupita asilimia 40, na mwaka 2022 Crossref iliyafungua yote. Mwaka huohuo ilianza OpenAlex, kanzidata huria iliyopewa jina kwa kumbukumbu ya maktaba ya kale ya Alexandria, Misri, na yeyote mwenye simu anaweza kuitumia bila kulipa senti. Mlango uko wazi, ila hauingii mtu ambaye jarida lake halikuwasilisha marejeleo yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahariri wa majarida yetu ya kitaaluma ni kwamba wasiridhike na kuweka nakala ya picha ya jarida mtandaoni, ambayo binadamu huisoma lakini kompyuta huiona kama ukuta mweupe. Wawasilishe marejeleo ya kila makala, waanze na toleo lijalo, kisha warudi nyuma kidogo kidogo, na wakubaliane juu ya namna moja ya kuandika majina yetu, ambayo mengi hayana jina la ukoo la kizungu na hayastahili kulazimishwa kuwa nalo. Kwa wasimamizi wa tasnifu, naomba wawatake wanafunzi wao waambatishe, kwa hoja moja tu iliyo kuu katika utafiti wao, silsila yake kamili hadi chanzo, ikiwa na kurasa. Hoja moja inatosha. Atakayefanya hivyo mara moja kwa jasho lake ataandika “kama alivyonukuliwa na” kwa mkono mzito maisha yake yote. Na kamati za kupandisha watu vyeo, kama haziwezi kuacha kuhesabu, zichague rejeleo moja kati ya mengi ya mwombaji na kulisoma mbele ya kikao.

Nina ombi pia kwako, Ndugu Mhariri, na nalitoa kwa heshima kwa kuwa ni msomaji wako wa siku nyingi. Kurasa za afya, kilimo na elimu katika magazeti yetu zimejaa maneno “utafiti umeonyesha” na “wataalamu wamegundua”, na mara nyingi msomaji haambiwi utafiti upi, wa nani, uliochapwa wapi. Sitaki orodha ya marejeleo gazetini, nafasi haitoshi na wino ni ghali. Yatosha jina la jarida na mwaka, maneno manne au matano ndani ya sentensi, ili mwenye nia aweze kuufuata. Mimi katika barua hii nimekutajia jarida, waandishi, siku, mwezi na mwaka wa ile barua ya sentensi tano. Atakayetilia shaka nilivyoieleza na aitafute aisome mwenyewe, haitamchukua dakika moja, na kama nimeiacha kando sehemu yoyote ya maana naomba aniandikie kupitia safu hii.

Wako mtiifu,

Mkutubi mstaafu,
Tanga